Jalada Likiingia Sokoni: Mwongozo wa Kuchambua Tangazo la Albamu

Machi 1973 kundi la Pink Floyd la Uingereza lilitoa albamu ya The Dark Side of the Moon, na upande wa mbele wa jalada lake hapakuwa na jina la kundi wala jina la albamu. Palikuwa na weusi mtupu, kioo cha pembetatu, mstari mwembamba wa mwanga mweupe ukiingia kutoka kushoto, na rangi za upinde wa mvua zikitokea kulia. Jalada lilibuniwa na studio ya Hipgnosis, ya Storm Thorgerson na Aubrey Powell, na mchoro wenyewe ukachorwa na George Hardie. Dukani, jalada kama hilo linaweza kukaa kimya bila hasara. Muuzaji yupo, rafu imepangwa kwa majina, na mnunuzi anaweza kuigeuza santuri akasoma nyuma. Jaridani hakuna muuzaji wala upande wa nyuma. Msomaji anafunua kurasa akitafuta habari nyingine kabisa, na katika sekunde chache atakazolitupia jicho tangazo lazima ajue ni nani, ni nini, inatoka lini na inapatikana wapi.

Uchambuzi wa tangazo la albamu uanzie hapo. Tangazo ni jalada lililoongezewa kitu, likapunguzwa kingine, ili liweze kuuza mbele ya watu fulani mahali fulani. Ukilichambua kana kwamba ni jalada tu, utaandika mambo ya kweli ambayo hayahusu tangazo. Kwa hiyo beba swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: mbunifu amefanya nini katika safari ya kutoka jaladani hadi ukurasani, na amefanya hivyo kwa ajili ya nani?

Mifano yangu mingi ni ya Uingereza ya miaka ya 1970. Nimeichagua kwa sababu majalada ya wakati ule yanajulikana sana na ni rahisi kuyapata uyatazame mwenyewe wakati unasoma. Njia yenyewe itakufaa hata kwa tangazo lililochapwa Nairobi au Dar es Salaam wiki hii.

Anza na karatasi

Kabla hujaitazama picha, tafuta tangazo limechapwa wapi. Watu wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko zote. London ilikuwa na magazeti ya muziki ya kila wiki: Melody Maker lililoanzishwa 1926, New Musical Express tangu 1952, Sounds tangu 1970. Yalichapwa kwenye karatasi ya gazeti, nyembamba na ya kijivu, na sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa ya wino mweusi peke yake. Smash Hits, lililoanza 1978, lilichapa maneno ya nyimbo na picha za rangi kwa vijana waliotaka kubandika nyota wao ukutani. Q, lililoanza 1986, lilimlenga mtu mzima mwenye kipato, anayerudi kununua upya kwa CD albamu alizokuwa nazo kwenye santuri. Huko Marekani, Billboard lilisomwa na wafanyabiashara wa muziki wenyewe: wenye maduka na wapangaji wa vipindi vya redio. Tangazo la Billboard halina haja ya kumshawishi mtu aupende wimbo. Kazi yake ni kumwambia mwenye duka kwamba mali hii itatoka haraka, basi aagize ya kutosha.

Sasa tazama karatasi ya gazeti inavyolifanya jalada. Chukua Survival ya Bob Marley and the Wailers, ya mwaka 1979, iliyobuniwa na Neville Garrick. Jalada lote limejaa bendera za nchi za Afrika, zimepangwa safu kwa safu, na nyuma ya jina, katika utepe wa juu, kuna ule mchoro maarufu wa meli ya watumwa ya Brookes, wenye miili iliyolazwa bega kwa bega. Wapinga utumwa wa Uingereza waliusambaza mchoro huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1780, na jalada limeurudisha kazini karibu karne mbili baadaye. Kwenye santuri yenye upana wa zaidi ya sentimita 30, Mtanzania ataiona bendera yake na Mkenya ataiona yake, kisha jicho litapanda juu likutane na meli. Lipunguze jalada hilo hadi sentimita 6 na ulichape kwa wino mweusi. Bendera zinageuka viraka vya kijivu. Miili iliyomo melini inakuwa vumbi. Hoja nzima ya jalada, yaani mataifa huru yaliyosimama juu ya historia ile, imepotea, na mbunifu wa tangazo lazima airudishe kwa njia nyingine: kwa maneno, kwa picha ya Marley mwenyewe, au kwa kuukuza utepe mmoja tu wa jalada ukajaza ukurasa. Njia yoyote utakayoikuta imetumika, eleza ilikuwa ikitibu tatizo gani la uchapaji.

Ukishalijua jarida, angalia upande wa ukurasa. Katika majarida yanayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ukurasa wa kulia huonekana kwanza mtu anapofunua, ndiyo maana watangazaji huupigania, pamoja na jalada la nyuma. Katika majarida ya Kiarabu ya Oman na nchi nyingine za Ghuba, yanayofunguliwa kutoka kulia, mpangilio huo hugeuka. Angalia pia majirani: tangazo limekaa karibu na uhakiki wa albamu ileile, au karibu na mahojiano na msanii? Mwisho, linganisha tarehe ya toleo la jarida na tarehe albamu ilipotoka. Tangazo la kabla ya kutoka huamsha hamu. La wiki ileile hutoa taarifa. Lililokuja miezi miwili baadaye huwa limebeba kitu ambacho hakikuwepo mwanzoni: nafasi kwenye chati, sifa kutoka kwa wahakiki, au ratiba ya ziara.

Taja unachokiona kabla ya kukifasiri

Mwaka 1964 mwandishi Mfaransa Roland Barthes alichapisha uchambuzi wa tangazo moja la chakula, la kampuni ya Panzani. Picha ilionyesha pakiti za tambi, kopo na mboga mbichi zikichomoza kutoka kwenye kikapu cha wavu. Barthes alitenganisha mambo matatu: maneno yaliyoandikwa, vitu vinavyoonekana kama vilivyo, na maana ambazo jamii imevitwika vitu hivyo. Nyanya, pilipili hoho na rangi nyekundu, kijani na njano vilimwambia msomaji kwamba chakula hiki ni cha Kiitalia. Alilolisema baadaye ndilo ninalolipenda zaidi: Uitalia huo ulikuwa ujuzi wa Wafaransa. Mwitalia mwenyewe asingeuona kwenye nyanya zake.

Fanya vivyo hivyo kwenye tangazo lako. Chukua karatasi uandike kila kitu kilichomo bila kutia maana yoyote: vitu, watu, mavazi, mikono iko wapi, macho yanatazama wapi, herufi, nembo, mistari, sehemu zilizoachwa tupu. Usiandike "huzuni", andika "kichwa kimeinama, mwanga unatoka juu". Hatua hii inachosha, na ndiyo inayomtofautisha mchambuzi na mtu anayebahatisha. Hata ule upinde wa mvua wa Pink Floyd, ukiuhesabu, una rangi sita, wakati shuleni tunafundishwa saba. Usipohesabu hutajua kwamba mchoraji alirahisisha, wala hutajiuliza kwa nini.

Baada ya orodha ndipo zije maana, nazo huja kwa tabaka. Tazama jalada la A Night at the Opera, albamu ya Queen ya Novemba 1975. Katikati ya weupe pana nembo ya kundi: herufi Q yenye taji ndani yake, simba wawili, kaa, wasichana wawili wenye mabawa, na juu ya wote ndege mkubwa aliyekunjua mbawa. Nembo hiyo ilibuniwa na mwimbaji wao, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kusomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, London. Hilo ni tabaka la kwanza, la vitu. Tabaka la pili anaweza kulisoma yeyote aliyezoea ukurasa wa nyota gazetini: Simba ni nyota ya John Deacon na Roger Taylor, Kaa ni ya Brian May, na wasichana ni Mashuke, nyota ya Mercury. Tabaka la tatu linahitaji ujuzi wa Uingereza: wanyama waliosimama kulinda ngao, taji, mnyumbuko wa mapambo, vyote vinafuata mtindo wa nembo ya ufalme wenyewe. Kundi la muziki wa roki linajivika heshima ya dola, nalo linajiita Malkia.

Uliza sasa: tangazo limelitegemea tabaka lipi? Msomaji wa gazeti la muziki hakuhitaji kujua nyota ya mtu yeyote ili ahisi fahari ya nembo ile. Ujuzi wa nyota ulikuwa zawadi ya shabiki wa karibu. Tangazo zuri huwa na mlango kwa mgeni na chumba cha ndani kwa mwenyeji, na kazi yako ni kuonyesha kila kimoja kilipo.

Funzo la Barthes linakugusa zaidi unapokutana na tangazo la muziki wa kwetu lililochapwa Ulaya. Albamu za taarabu ya Unguja na Mombasa zimekuwa zikitolewa London na Paris tangu miaka ya 1980. Ukipata tangazo la albamu ya namna hiyo lenye minazi, jahazi na machweo, jiulize picha hizo ni ujuzi wa nani. Mwenyeji wa Ng'ambo au wa Kibokoni anaijua taarabu kwa ukumbi, kwa mashairi ya mafumbo, kwa mtu anayenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji. Jahazi limewekwa kwa ajili ya asiyejua hayo. Kulitambua hili hakukulazimishi kulilaani tangazo. Mbunifu alikuwa na wanunuzi wake. Lakini wewe, unayezijua pande zote mbili, unaweza kuandika uchambuzi ambao msomaji wa London asingeuweza.

Mraba ndani ya mstatili

Hapa pana tatizo la vipimo ambalo kila mbunifu wa tangazo la albamu hukutana nalo, na wachambuzi wachache hulitaja. Jalada ni mraba. Ukurasa ni mstatili uliosimama. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukilijaza jalada upana wote, linabaki eneo la milimita 87 kwa kimo. Eneo hilo ndilo tangazo lenyewe. Mengine yote ni jalada.

Kwa hiyo chukua rula. Pima jalada linachukua sehemu gani ya ukurasa, kisha uangalie kilichobaki kimefanyiwa nini. Njia zilizozoeleka ni chache. Mbunifu anaweza kuiendeleza mandhari ya jalada ikajaza ukurasa wote, hadi usijue jalada linaishia wapi. Weusi wa Pink Floyd unaruhusu hilo kwa urahisi, na miale ya rangi inaweza kurefushwa ivuke ukingo wa karatasi. Anaweza kulipunguza jalada likawa dogo kwenye kona, na nafasi kubwa akampa msanii mwenyewe kwa picha nyingine ya siku ileile ya kupigwa picha. Au anaweza kuchomoa kipande kimoja tu, kama ile nembo ya Queen, akakiacha peke yake katikati ya uwazi.

Kila uamuzi unasema jambo kuhusu imani ya kampuni. Jalada likiwa kubwa, kampuni inataka ulikumbuke ili ulitambue rafuni. Uso wa msanii ukiwa mkubwa kuliko jalada, kinachouzwa ni mtu. Na ukurasa ukiachwa mtupu kwa sehemu kubwa, wakati kila sentimita ya ukurasa inalipiwa, hiyo ni kauli ya mwenye uwezo: tunajua mnatujua. Mwanamuziki mpya nadra kupewa uwazi wa namna hiyo. Desemba 1976 Queen walitoa A Day at the Races, nembo ileile sasa ikiwa juu ya weusi badala ya weupe. Aliyekuwa na ile nyeupe nyumbani aliielewa mara moja ile nyeusi kuwa pacha wake. Weusi huo haukuhitaji kamusi ya rangi ili usomeke. Ulihitaji kumbukumbu ya mwaka uliopita.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu uchambuzi mwingi wa wanafunzi huharibikia kwenye rangi. Nyekundu ni hatari au mapenzi, nyeusi ni msiba, nyeupe ni usafi. Achana na orodha hizo. Uliza rangi hii inafanana na nini kilichotangulia, inatofautiana na nini kwenye ukurasa wa jirani, na je, uchapaji wa jarida hili uliiruhusu ionekane.

Kuhusu watu katika picha nitasema kidogo tu. Fuata macho. Msanii anayekutazama moja kwa moja anakudai jibu. Anayetazama pembeni anakupa ruhusa ya kumchunguza. Angalia mwanga unatoka wapi na picha imekatwa wapi. Jalada la Queen II la 1974, lililopigwa na Mick Rock, linaonyesha nyuso nne zikielea gizani, Mercury akiwa amekunja mikono kifuani, kwa kuigiza picha ya Marlene Dietrich ya wakati wa filamu ya Shanghai Express ya 1932. Hao walikuwa vijana wa Uingereza waliovaa utukufu wa Hollywood kabla dunia haijawapa.

Herufi, na jaribio la kubadilisha

Herufi ni sauti ya tangazo. Angalia maumbo yake, ukubwa wake, na hasa mpangilio wake wa vyeo: neno gani kubwa kuliko yote? Jina la msanii likiwa kubwa kuliko jina la albamu, anauzwa mtu mwenye sifa tayari. Kinyume chake, ama msanii hajulikani, ama anajulikana mno hata hana haja ya kutajwa.

Njia bora ninayoijua ya kupima herufi, na kwa kweli ya kupima kila kitu kwenye ukurasa, ni kubadilisha kitu kimoja kichwani na kuona nini kinavunjika. Mfano ulio wazi ni London Calling, albamu ya kundi la The Clash ya Desemba 1979. Picha ni ya Pennie Smith: Paul Simonon akilipigiza gitaa lake la besi jukwaani, katika ukumbi wa Palladium, New York, Septemba mwaka huo. Picha haikutulia vizuri, na mpigaji mwenyewe hakutaka itumike kwa sababu hiyo. Mbunifu Ray Lowry aliweka neno LONDON kwa rangi ya waridi likishuka upande wa kushoto, na neno CALLING kwa kijani likilala chini. Mpangilio huo umetoka kwenye jalada la albamu ya kwanza ya Elvis Presley, ya mwaka 1956.

Sasa badilisha. Zifanye herufi ziwe nyeupe na uzipange juu katikati. Unabaki na picha ya mpiga muziki mwenye hasira, nzuri, ila imekuwa ya peke yake. Mazungumzo na Elvis yamekatika. Rudisha herufi, kisha badilisha picha, umweke mwanamuziki ametulia akitabasamu. Sasa una mwigo mtupu. Kumbe maana haimo kwenye herufi peke yake wala kwenye picha peke yake. Imo katika mgongano wa viwili hivyo: mwaka 1956 gitaa lilikuwa linapigwa na kijana anayeimba kwa sauti yote, 1979 gitaa linavunjwa katika fremu ileile. Ukiwa na tangazo la albamu hii, angalia kama mgongano huo umesalimika. Jalada likikatwa pembeni ili litoshe kwenye safu nyembamba ya gazeti, LONDON huenda likaondoka, na pamoja nalo Elvis.

Fanya jaribio hili angalau mara tano kwa kila tangazo: rangi moja, neno moja, mkao mmoja wa mwili, ukubwa wa nembo, nafasi ya jalada. Mabadiliko yasiyoharibu kitu yanakuonyesha kitu kisicho na uzito, usikipotezee aya.

Maandishi madogo ya chini

Nenda sasa chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo wengi hawashuki. Napapenda sana mahali hapa kwa sababu ndipo tangazo linapoacha kujipamba na kusema biashara yake.

Kwanza kuna nembo ya lebo. Kwa msomaji wa jazi, nembo ya Blue Note ni ahadi tosha. Kwa msomaji wa miaka ya 1970, nembo ya Island ilikuwa ya kampuni iliyomleta Marley. Angalia kama nembo imefichwa au imeonyeshwa kwa fahari. Kisha kuna orodha ya namna albamu inavyopatikana, na orodha hiyo ni kalenda iliyofichika. CD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1982 na kuenea Ulaya na Marekani mwaka uliofuata, kwa hiyo tangazo linalotaja santuri na kaseti tu huenda ni la kabla ya hapo, na linalotaja santuri, kaseti na CD kwa pamoja linakupeleka katikati ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990. Anwani ya tovuti inakusogeza mwishoni mwa miaka ya 1990. Duka la muziki la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003. Siku hizi mahali pale pamejaa nembo za Spotify, Apple Music na Boomplay, na tangazo lenyewe limehamia kwenye simu, likarudi kuwa mraba. Lile eneo la milimita 87 limetoweka, na mbunifu wa Kinondoni au Westlands sasa anayabana maneno yote ndani ya jalada au anayashusha kwenye maelezo chini ya picha. Hilo nalo ni jambo la kuchambua.

Kuna pia sentensi inayotaja wimbo uliokwisha kupendwa. Hii huwekwa kwa mtu anayeujua wimbo bila kulijua jina la mwimbaji. Ukiikuta, tazama ukubwa wake ukilinganisha na jina la albamu. Mara nyingi wimbo mmoja ndio unaoibeba albamu nzima mgongoni. Kuna nyota za wahakiki na maneno mawili matatu yaliyochomolewa kwenye uhakiki mrefu. Usiyapite. Mhakiki anayetajwa ni wa jarida gani, na je, ni jarida hilohilo lililochapa tangazo? Kuna pia alama ya onyo kwa wazazi, iliyotokana na makubaliano ya mwaka 1985 nchini Marekani. Iliwekwa kuwatahadharisha wazazi, lakini kwa kijana inaweza kusomeka kama mwaliko. Mbunifu anayeikuza anajua anachofanya.

Maneno ya tangazo yanaweza hata kufika mahakamani. Oktoba 1977 kundi la Sex Pistols lilitoa albamu ya Never Mind the Bollocks, na hilo neno la mwisho ni la matusi kwa Kiingereza. Jalada lake lilibuniwa na Jamie Reid: manjano kali, waridi, herufi za mtindo wa vipande vilivyokatwa magazetini, na hakuna picha ya mtu yeyote. Duka moja la Nottingham lililoliweka dirishani lilishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1889 ya matangazo yasiyo ya staha, na Novemba mwaka huohuo mahakama ikalifutia mashtaka. Zingatia kwamba jalada halikushtakiwa likiwa ndani ya duka. Lilishtakiwa lilipotazama barabarani, yaani lilipogeuka kuwa tangazo.

Kuandika

Ukishayakusanya yote haya utakuwa na kurasa za vidokezo. Usizimwage kwa mpangilio wa orodha, rangi, herufi, picha, maneno, kila moja na aya yake. Tafuta uamuzi mmoja mkubwa wa mbunifu, uanze nao, na vingine uvilete pale vinapousaidia au kuupinga. Kwenye tangazo la Survival uamuzi huo pengine ni ule wa kushughulika na bendera zilizopotea rangi. Kwenye la Queen ni ukubwa wa nembo.

Kila dai lisimame na ushahidi wake na mtu wake. Linganisha. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Waridi inaonyesha mapenzi na kijani inaonyesha uhai." Wa pili anaandika: "Jina la albamu limepangwa kama jalada la Elvis Presley la 1956, waridi ikishuka kushoto na kijani chini. Msomaji wa gazeti la muziki wa 1979 aliyelijua jalada lile anaona gitaa likivunjwa mahali alipotarajia kuliona likipigwa, na anaelewa kwamba kundi hili linadai urithi wa roki na papo hapo linaubomoa. Asiyelijua atabaki na picha yenye nguvu, ambayo bado inatosha kumsimamisha." Wa pili ametaja kilichopo, ametaja nani anakiona, ametaja kinachotokea, na hakumsahau msomaji asiyejua. Huyo wa mwisho ni muhimu. Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Birmingham, alionyesha mwaka 1973 kwamba mpokeaji wa ujumbe anaweza kuukubali, kuupatanisha na hali yake, au kuupinga. Tangazo hupokelewa vivyo hivyo.

Epuka neno "huvutia". Kila tangazo linataka kuvutia, na neno hilo halimwambii msomaji wako chochote. Badala yake eleza jicho linatua wapi kwanza, kisha linakwenda wapi, na nini kinalisukuma.

Kwa mazoezi, nakupa majalada mawili ya mwezi mmoja. Oktoba 1977, pamoja na Sex Pistols, Queen nao walitoa News of the World, na makundi yote mawili yalikuwa yamerekodi katika studio za Wessex, London. Jalada la Queen lina roboti mkubwa mwenye macho ya huzuni, amewabeba wanamuziki wenyewe mkononi kama maiti. Frank Kelly Freas alilichora kwa kurudia picha yake ya jalada la jarida la hadithi za sayansi, Astounding Science Fiction, la Oktoba 1953. Weka majalada hayo mawili mezani. Kwa kila albamu chora mistatili miwili ya A4 na mmoja wa gazeti, na ubuni kwa penseli matangazo matatu: moja la Melody Maker kwa wino mweusi tu, moja la Billboard kwa wenye maduka, moja la jarida la rangi la vijana. Amua ukubwa wa jalada, amua neno kubwa kuliko yote, amua kitakachokaa katika zile milimita 87. Utagundua kwamba manjano ya Reid haina uhai kwenye wino mweusi ilhali herufi zake zinabaki zilivyo, na kwamba roboti anaweza kuondolewa jaladani akajaza ukurasa peke yake bila kupoteza kitu. Baada ya hapo tafuta matangazo halisi ya albamu hizo katika makusanyo ya magazeti ya zamani, uyaweke kando ya michoro yako, na uandike kurasa mbili kuhusu kila mahali ambapo mbunifu wa 1977 aliamua tofauti na wewe.